Chiriku wangu hawahitaji kuhimizwa kuzaa

Kuna ndege wa kufugwa ambao utabadilisha tundu, utabadilisha chakula, utaongeza mwanga na kuupunguza, na bado jike hatataga hata yai moja. Chiriku pundamilia hayumo katika kundi hilo. Mpe mwenzake, mbegu, maji na mahali pa kujificha, naye atazaa. Atazaa tena kabla watoto wa kwanza hawajajua kumenya mbegu, kisha atazaa tena, na mwili wa jike ndio utakaobeba gharama. Nimewafuga kwa miaka, ndani ya chumba kile kile ninachoshonea nguo za watu, na nikiulizwa kazi ya mfugaji wa ndege hawa ni ipi, nasema ni kuwazuia. Kuzaa wanazaa wenyewe.

Sababu iko huko walikotoka. Asili yao ni Australia, na wengi wao huishi katika sehemu kavu za bara lile, ambako mvua haina ratiba. Inaweza kukosekana miezi na miezi, halafu ikanyesha, nyasi zikaota na kutoa mbegu, na ndege mwenye uzito wa gramu 12 hivi akapata nafasi fupi ya kulea watoto kabla nchi haijakauka tena. Kwa hiyo ndege hawa hawana subira ya kungoja msimu. Wako tayari karibu wakati wote, na chiriku anaweza kutaga akiwa hajatimiza hata miezi mitatu tangu aanguliwe. Sasa mlete ndege wa namna hiyo ndani ya nyumba, mwekee mbegu zisizoisha na maji yasiyokauka. Kwa mwili wake, mvua imenyesha na haijakatika.

Mimi simruhusu jike kutaga kabla hajafikisha miezi tisa, wala simwachi alee zaidi ya vizazi viwili mfululizo. Baada ya viwili anapumzika miezi kadhaa. Kwa mwaka mzima vitatu ndio mwisho, na jike akionekana kuchoka ni kimoja, basi. Wapo wafugaji wanaosema nawabana mno. Nimewasikia, na sijabadilika.

Jozi ninayoijua kuliko zote ni Kola na Lesi. Ndege wangu wote nawapa majina ya vitu vya ushonaji, maana ndivyo vilivyo mbele ya macho yangu kutwa. Kola ni dume la rangi ya asili: mdomo mwekundu, mashavu ya rangi ya chungwa, koo lenye milia myembamba inayoishia kwenye ukanda mweusi kifuani, na ubavuni rangi ya kahawia iliyojaa madoa meupe. Mpangilio ule, fundi yeyote wa nakshi angejivunia kuwa ndiye aliyeubuni. Lesi ni kijivu, mdomo wake ni wa chungwa iliyopoa, na hana mashavu yale wala ukanda. Kwa ndege wa rangi hii huhitaji mtaalamu wa kukuambia nani dume na nani jike. Kwa wale weupe mwili mzima inabidi utazame wekundu wa mdomo, na usikilize pia, kwa sababu dume ndiye anayeimba. Jike hutoa miito tu.

Sikuwaoza mimi. Niliwaweka madume na majike kadhaa katika tundu moja kubwa, nikaendelea kushona. Haukupita muda mrefu mambo yakajionyesha yenyewe: Kola na Lesi walikuwa wakilala wamegusana, wakichambuana manyoya ya shingoni, na mwingine akisogea walimfukuza wote wawili. Ndipo nikawahamishia kwao. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck inayochunguza ndege, kule Ujerumani, walilipima jambo hili hili kwa chiriku pundamilia. Baadhi ya ndege waliachiwa wenzi waliowachagua, wengine wakapewa wenzi waliochaguliwa na ndege wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: jozi zilizochaguana zilifanikiwa katika uzazi kwa asilimia 37 zaidi. Kwenye zile za kupangiwa, mayai yasiyorutubishwa yalikuwa mengi zaidi, na makinda wengi walikufa ndani ya saa 48 za kwanza, wakati ambapo mzazi asiye na bidii ndiye tofauti ya kuishi na kufa. Kwa hiyo mtu anaponiomba "dume moja na jike moja, wowote tu", najua anaanza kwa hasara.

Tundu la jozi lina urefu unaopita mita moja, kutoka ubavu hadi ubavu. Kimo hakinisumbui sana. Chiriku huruka kwa kunyooka, toka kijiti hiki hadi kile, na tundu la kwenda juu, hata lipendeze vipi machoni, halimpi pa kuruka. Waya ziachane kwa sentimita 1.2, isizidi, la sivyo kichwa kitapenya. Vijiti vya kutua nataka viwe vya matawi halisi, vingine vyembamba na vingine vinene, ili unyayo usikandamizwe mahali pale pale siku zote ukatoka vidonda. Maji ya kuoga kila asubuhi, kwenye kisahani kifupi. Wanaoga kwa furaha ya ajabu na kulowanisha kila kitu. Na tundu lisikae jikoni wala karibu na jiko. Kikaango cha tefloni kikiungua hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi sana, wakati mtu aliyesimama hapo hajahisi chochote. Parachichi pia ni sumu kwao, hata kipande kidogo.

Kwa mtu wa kazi yangu kuna hatari nyingine ambayo vitabu huitaja kwa kupita tu, nayo ni uzi. Chiriku anapojenga hubeba chochote chembamba anachokiona. Kipande kirefu cha uzi kikimzunguka mguu, kila anapojivuta kinakaza, damu inakatika, na mguu unakufa ukiwa bado mwilini. Ndiyo maana tundu liko upande wa chumba usio na cherehani, sakafu inafagiwa kila jioni hata nikiwa hoi, na hakuna mteja anayeruhusiwa kuwapitishia ndege vipande vya kitambaa kwenye waya, hata kama nia yake ni njema. Watoto wa jirani wanalijua hilo vizuri. Wakiona uzi chini wanauokota wenyewe na kuniletea: "Fundi, huu hapa, chiriku asije akaukuta."

Cha kujengea nawapa nyasi kavu laini na usumba wa nazi niliokatakata usizidi urefu wa kidole. Kiota chenyewe ni kijisanduku cha mbao kilicho wazi nusu upande wa mbele, nakining'iniza juu pembeni. Kola ndiye mchukuzi. Anashika unyasi katikati, anauzungusha mdomoni, anaingia nao, anatoka, anarudi. Lesi yuko ndani anapanga kwa kifua, akijizungusha mpaka pale chini pawe na shimo la duara. Wakimaliza huweka manyoya.

Siku yai la kwanza linapoonekana, naondoa vifaa vyote vya ujenzi vilivyobaki ndani ya tundu. Ni jambo dogo lakini limeokoa mayai mengi. Dume likiendelea kuona nyasi litaendelea kuleta. Litayafunika mayai yaliyopo, jike atataga mengine juu ya tandiko jipya, na yale ya chini yatapoa na kuharibika. Nimeona viota vya watu vyenye mayai ghorofa mbili, wenyewe wakishangaa kwa nini hakuna kinachoanguliwa.

Lesi hutaga yai moja kila asubuhi, jeupe, la gramu moja hivi, mpaka yatimie manne au matano, mara nyingine sita. Wageni wa ufugaji huingiwa na wasiwasi siku za mwanzo wakiona mayai yameachwa wazi. Hakuna tatizo. Wazazi hawakai kuatamia kwa dhati mpaka yai la tatu au la nne litagwe, na yai lisiloatamiwa bado halijaanza kukua. Wakishaanza, hupokezana mchana kutwa, kisha kati ya siku 12 na 14 makinda hutoka. Mimi huyamulika mayai kwa tochi ndogo mara moja tu, yapata siku ya sita. Lenye uhai linaonyesha mishipa ya damu imetanda ndani. Lisilo na kitu linapitisha mwanga wa manjano mtupu. Baada ya hapo siyagusi tena.

Kuna mwito mmoja mwembamba, wa haraka haraka, ambao mzazi hutoa akiwa peke yake juu ya mayai siku za joto. Mylene Mariette na Katherine Buchanan wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, walichapisha utafiti juu yake mwaka 2016. Waligundua kwamba wazazi huutoa hewa inapopita nyuzi joto 26, mayai yakiwa yamekaribia kuanguliwa, na kwamba makinda waliousikia wakiwa bado ndani ya ganda walikuja kukua wakiwa wadogo zaidi kwenye viota vya joto. Mwili mdogo hupoa kwa urahisi zaidi. Yaani mzazi anamwambia mtoto hali ya dunia kabla hajaiona, na mtoto anajipanga. Tangu nilipolisoma hilo, mayai yakifikia siku za mwisho na joto likiwa kali, saa za mchana nafanya kazi za mkono: vifungo, mapindo, kulazia lesi. Cherehani inasubiri, kelele yake isije ikaufunika mwito ule. Sijui hata mteja mmoja aliyewahi kulalamika nguo yake imechelewa kwa sababu hiyo.

Makinda wakitoka, chumba chote hubadilika, ingawa siku mbili za kwanza husikii kitu. Kinda mpya hafiki gramu moja. Ni ngozi ya waridi, manyoya machache ya hariri mgongoni, na macho yaliyofumba. Siku ya tatu au ya nne ndipo sauti huanza, mchakacho mdogo ambao kila siku unaongezeka, na wiki ya pili inakuwa kelele ya kudai haki. Ndani ya mdomo kuna madoa meusi kwenye kaakaa, kila jamii ya ndege hawa ina ya kwake, na mdomo ukifunguka madoa hayo yanamwonyesha mzazi pa kulenga katika giza la kiota. Chiriku wa Gould, binamu yao wa rangi nyingi, ana hata vijinundu pembeni mwa mdomo vinavyorudisha mwanga.

Wakati huu ndio wa kutoa chakula cha nguvu, na sihesabu gharama. Yai la kuku lililochemshwa vizuri, likapondwa pamoja na ganda lake, nawapa kidogo asubuhi na kidogo alasiri, na kila baada ya saa chache naondoa kilichobaki kwa sababu huchacha upesi. Mbegu nilizozilowesha mpaka zikaanza kutoa mzizi. Majani mabichi yaliyooshwa sana. Mfupa mweupe wa dome, yule ndugu wa ngisi, haukosekani kwenye waya mwaka mzima, maana ndimo jike anamopata madini ya kutengenezea maganda. Mbegu kavu nazo zipo daima. Wazazi hula, hulainisha, kisha huwacheulia watoto.

Kinda mchanga ana ngozi nyembamba hata chakula kinaonekana shingoni kwa nje, kimejaa upande mmoja, mbegu moja moja ukitaka kuzihesabu. Hiyo ndiyo habari ninayoitafuta jioni kabla ya kuzima taa. Nachungulia mara moja, upesi. Nikiona shingo zimejaa, najua wote watauvuka usiku. Anayenipa mashaka ni wa mwisho kuanguliwa. Wenzake wamemtangulia siku moja au mbili, vichwa vyao viko juu, na mdomo wake haufiki. Nikimwona shingo tupu jioni mbili mfululizo namwongezea mwenyewe, uji wa chakula cha makinda wa vuguvugu kwa kijiti kilichochongwa butu, tone kwa tone, nikisubiri ameze. Ni kazi ya kuchosha macho kuliko kutunga uzi kwenye sindano, na ndiyo kazi ninayoipenda kupita zote.

Pindo alikuwa wa mwisho wa namna hiyo. Nilimkuta alfajiri sakafuni mwa tundu, amepoa, amelegea, hana pumzi ninayoweza kuiona. Mtu angesema amekufa. Lakini kinda aliyepoa si lazima awe amekufa, na hili ningependa kila mfugaji alijue kabla hajamtupa. Nilimfumbata viganjani, nikakaa karibu na taa ya cherehani, nikampulizia hewa ya kifuani taratibu. Ikachukua muda mrefu. Kwanza mguu mmoja ulijikunja, halafu mdomo ukafunguka. Aliposhika joto vizuri nilimrudisha katikati ya ndugu zake, na kabla jua halijapanda Lesi alikuwa amemlisha. Harufu ya mkono wa mtu haiwafanyi ndege hawa wamkatae mtoto wao. Hilo ni la kusikia tu. Pindo leo ni dume lenye sauti kubwa kuliko kaka zake wote.

Macho hufunguka yapata wiki moja. Manyoya huchomoza katika vijiti vya buluu, yakafunguka. Baada ya siku 13 hivi sifungui tena kiota kwa sababu yoyote, maana makinda wakishtuka huruka nje kabla mabawa hayajawa tayari. Kati ya siku ya 18 na ya 21 hutoka wenyewe, mkia mfupi, mdomo mweusi tii, na hutua popote isipokuwa walipokusudia. Siku hizo nashusha vijiti viwili karibu na sakafu na kupunguza maji ya kuogea yabaki ya kulowanisha kucha tu. Kinda anaweza kuzama kwenye kina ambacho wewe hukihesabu kuwa kina.

Hapa sasa ndipo wafugaji wengi hupumzika, na hapa ndipo mimi hukaza. Wakati Kola anahangaika kuwalisha vijana wanaomfuata kila kijiti, Lesi ameshaanza kukitazama kiota upya. Hata wiki haipiti, yai. Watoto bado wanahitaji kulishwa mpaka wafikie siku 35 hivi, wanarudi kiotani kulala, wanakanyaga mayai mapya na kuyachafua, na jike anatumia kwenye yai akiba ambayo mwili haujairudisha. Kama ni kizazi cha kwanza na Lesi yuko imara, nasafisha kiota vijana wakishaacha kulala humo, namwachia aendelee. Kama ni cha pili, mambo yanafungwa hapo. Vijana wakizoea kulala vijitini, kiota kinatoka. Yai la kuku linapungua, kisha linakoma. Akitaga kabla sijakitoa kiota, nachukua mayai yale mara tu yanapotagwa na kuweka ya plastiki mahali pake. Ukiyachukua bila badala, atataga mengine ya kufidia, na hapo umemwongezea mzigo badala ya kuupunguza. Kwenye ya plastiki atakaa, atasubiri, muda wake utapita, ataondoka.

Vijana wakishajitegemea, Kola anahamia tundu la madume na Lesi anakwenda kwa majike. Matundu yanatazamana. Siku za mwanzo wanaitana, mwito mrefu wa mbali ambao kila mmoja anautambua wa mwenzake, na wageni hunihurumia: "Mbona unawatenganisha mume na mke, fundi?" Nawaambia wanaonana, wanasikiana, na akirudi kwake atarudi mzima. Siwezi kusema hainigusi. Inanigusa. Lakini nimeshaona upande wa pili.

Mama mmoja aliwahi kuniletea jike lake ndani ya kijisanduku. Alikuwa amelipewa na mtu aliyekuwa akizalisha bila kupumzisha. Lilikuwa limekaa sakafuni, manyoya yametutumka, macho nusu, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Tumbo, ukilipapasa kwa ncha ya kidole, lilikuwa na yai lililokwama. Hali hii huwapata hasa majike wachanga mno, waliochoka, walioishiwa kalsiamu au waliopatwa na baridi. Joto la nyuzi 30 hivi husaidia misuli kulegea, pamoja na kalsiamu na utulivu, na daktari wa mifugo anayejua ndege apatikane upesi kwa sababu saa zinahesabika. Kulibonyeza yai litoke ni kumuua kabisa, likipasukia ndani hakuna cha kuokoa. Tulimweka kwenye joto, tukamtafutia daktari. Jike lile halikufika asubuhi. Mama yule alilia kwenye kiti cha wateja, na mimi nililia pia. Ukimwinua ndege yule, alikuwa mwepesi hata mkono hauamini umebeba kitu.

Ndiyo maana sina mjadala juu ya mapumziko.

Katika kutenganisha kuna jambo moja ninalolichelewesha kwa makusudi, nalo ni kuwaondoa wana wa kiume mbele ya baba. Nyimbo hawazaliwi nazo. Kijana husikiliza na kuiga, kuanzia siku ya 25 hivi hadi karibu ya 90, na baada ya hapo wimbo wake umeganda. Ataufuata huo huo maisha yake yote. Mwanzoni ni mnong'ono usio na mpangilio, unamwona amefumba macho kijitini akijaribu sauti. Baadaye vipande vinaungana. Kifungo, mkubwa wa Kola, ana wimbo wa baba yake karibu mzima, ila mwishoni ameongeza noti mbili za juu alizozitoa kwa dume la tundu la pili. Pindo amechukua mwanzo tu, akamalizia kwa namna yake. Nikiwa nimeinamia kazi, bila kugeuka, namjua nani anaimba. Na usiku nawafunika kwa kitambaa chepesi, taa zikizimwa saa ile ile kila siku, kwa sababu hata usingizi wao una kazi: Amish Dave na Daniel Margoliash wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2000 kwamba chembe za ubongo wa chiriku pundamilia aliyelala hurudia mpangilio ule ule zinaoutoa anapoimba.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuwapa makinda walezi wa jamii nyingine. Chiriku wa Bengali, yule mpole aliyetokana na ufugaji wa miaka mingi huko Japani na asiyepatikana porini, ni mlezi hodari kabisa, na wafugaji wengi humpa mayai ya ndege wengine alee. Lakini Klaus Immelmann, Mjerumani aliyewachunguza sana chiriku hawa, alionyesha kwamba madume wa chiriku pundamilia waliolelewa na chiriku wa Bengali, wakikua, huwachumbia majike wa Bengali na kuwapuuza wa jamii yao. Mtoto hujifunza yeye ni nani kwa yule anayemlisha. Nikilazimika kuokoa mayai yaliyoachwa, nayapeleka kwa jozi nyingine ya chiriku pundamilia.

Binti na vijana nawatenga mdomo ukishaanza kugeuka kutoka mweusi, mashavu ya madume yakianza kutokeza, yaani kabla hawajatimiza miezi miwili. Huwa najipa wiki moja ya kutazama kwa makini, halafu kila mmoja upande wake. Wimbo hauathiriki, kwa sababu wana wanakwenda tundu la madume, na Kola yumo. Ukichelewa, ndugu wataoana, maana hawaulizani ukoo. Kila ndege ana pete mguuni na ukurasa katika daftari langu, lile lile lenye vipimo vya wateja: wazazi wake, siku aliyotoka, ametaga lini, amepumzika lini. Madume siwavishi pete nyekundu. Mtafiti Nancy Burley aliripoti miaka ya 1980 kwamba majike walivutiwa zaidi na madume wenye pete nyekundu, na ingawa majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, sioni sababu ya kuwachanganya majike wangu kwa pambo nililolileta mimi.

Kwa sasa Lesi yuko mapumzikoni, anaota manyoya mapya, na daftari linasema bado ana muda. Vijana wake wanne wako tayari kuondoka. Wawili wameshachaguana na dada wa ukoo mwingine, kwa hiyo wataondoka jozi jozi. Chiriku mmoja peke yake simtoi, hata kwa mtu ninayempenda. Anayewataka aje kwanza aniambie tundu lake lina urefu gani kutoka ubavu hadi ubavu, liko chumba gani, na amepanga kuwatenganisha vipi jike akihitaji kupumzika. Futi ya kupimia ninayo, nitamwazima.